Chaji kontrola ya sola haichaji? Pima hivi kabla hujanunua nyingine

Swali huja kwa sura ileile: "Zamani taa zangu zilikuwa zinakesha, siku hizi saa tatu usiku giza. Nadhani kontrola imekufa. Ninunue ya ampea ngapi?" Ukimuuliza mwenye swali amepima nini, anakwambia fundi ameshaangalia. Ameangalia kwa macho.

Kontrola, lile boksi dogo lililo kati ya paneli na betri, hubadilishwa kwanza kwa sababu bei yake ni nafuu kuliko ya betri au paneli, na kwa sababu ndiyo yenye taa na skrini, basi lawama zote inabebeshwa yenyewe. Kumbe mara nyingi ni nzima. Kilichokufa ni betri, au waya umeliwa na kutu ndani ya plastiki yake, au mtoto kabonyeza kitufe na mipangilio ikabadilika. Kontrola mpya inafungwa, skrubu zinakazwa upya, mambo yanatengemaa siku chache, kisha giza linarudi. Ndiyo maana hapa tutaipima kontrola mwisho, baada ya kuvimaliza vyote vinavyoizunguka.

Maelezo haya ni ya mfumo wa nyumbani wa volti 12: paneli moja hadi nne, betri ya asidi (N50, N70, N100, au ile isiyofunguliwa) na kontrola ya ampea 10 hadi 30. Kama wako ni wa volti 24, namba za betri zizidishe mara mbili. Kama sola yako ni ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, boksi lake usilifungue. Betri, kontrola na kufuli la malipo vimo humo pamoja, na ukilifungua waranti imekwenda. Mwite aliyekufungia.

Vitu vya kuwa navyo

- Multimita ya digitali. Ya bei ndogo inatosha, ilimradi ipime volti za DC (umeme wa betri na sola) na iwe na tundu la ampea 10. Ile ya kubana waya inavutia, ila nyingi za bei rahisi hupima ampea za AC tu (umeme wa gridi). Ukiibana kwenye waya wa sola itakuonyesha sifuri na utadhani paneli imekufa.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, zenye mpini wa plastiki.
- Msasa au brashi ya waya, na tepu ya umeme.
- Balbu ya taa ya mbele ya gari, volti 12 wati 55, yenye waya mbili. Hii ndiyo itakayoisemesha kweli betri.
- Blanketi zito la kufunikia paneli.
- Kama betri ni ya kujaza maji: maji ya betri (maji yaliyosafishwa, si asidi), glovu na miwani.
- Kalamu na karatasi. Namba usiziweke kichwani.

Na jua. Hatua za paneli zifanye kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku isiyo na wingu. Kupima sola saa kumi na moja jioni ni kujisumbua.

Vua pete, saa na bangili ya chuma. Betri ya N100 ikiunganishwa chanya na hasi kwa spana, spana inawaka nyekundu na kidole kilicho karibu kinaungua. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hidrojeni. Kumbuka pia kwamba paneli haina swichi. Jua likiwepo, umeme upo; njia ya kuizima ni kuifunika.

Nadharia kidogo, halafu kazi

Kontrola za PWM, hizi ndogo za bluu au nyeusi zilizojaa Kariakoo na Luthuli Avenue, ni swichi yenye akili. Zinaunganisha paneli moja kwa moja na betri, na betri ikikaribia kujaa zinaanza kukatakata. Kwa hiyo paneli yenye volti 18 ikianza kuchaji hushuka na kukaa karibu na volti za betri. Kontrola za MPPT hubadilisha volti zilizozidi kuwa ampea, ndiyo maana zina koili nzito ndani na bei yake iko juu. Aina zote mbili huipandisha betri ya asidi hadi kama volti 14.4, huishikilia hapo kwa muda, kisha huishusha kwenye 13.6 au 13.8 ili isichemke.

Hatua kwa hatua

1. Anza kwa macho na vidole. Zima taa na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe AC). Vuta kila waya kwenye kontrola kwa upole; unaotoka wenyewe ndio ugonjwa wako. Kaza skrubu. Angalia vichwa vya betri: unga mweupe au wa kijani ni kutu, ioshe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, kausha, piga msasa, kisha funga tena. Fyuzi iliyo kati ya betri na kontrola itoe uitazame, na uipime kwa mlio wa multimita (ikilia, umeme unapita), maana nyingine zimekatika na kwa macho zinaonekana nzima. Kama fyuzi hakuna kabisa, andika kwenye karatasi kwamba itanunuliwa.

Kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene huohuo na huoza haraka kwenye skrubu, hasa Pwani kwenye hewa ya chumvi. Ukiwa hapo, tazama matundu ya hewa ya kontrola. Mijusi na sisimizi hupenda joto lake.

2. Pima betri alfajiri. Taa zimezimwa, inveta imezimwa, jua halijagusa paneli, na betri imepumzika saa tatu au nne. Weka multimita kwenye DC 20 na ushike vichwa vya betri vyenyewe, si waya. Betri nzima iliyojaa inasoma 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 kushuka chini imekwisha. Ikisoma kama 10.5 na haipandi hata ikichajiwa kutwa nzima, seli moja kati ya sita imekufa. Hapo kontrola yoyote utakayonunua haitasaidia kitu.

Namba hizi ni za betri iliyopumzika tu. Watu wanapima saa saba mchana paneli ikichaji, wanaona 13.5, wanafurahi. Hiyo ni volti ya kuchaji. Haikwambii betri imebeba nini.

3. Ibebeshe betri mzigo. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye jibu la nusu ya maswali. Betri ikiwa imejaa, toa waya wa paneli kwenye kontrola na uufunge tepu, kisha unganisha balbu ya gari moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Balbu ya wati 55 inakula kama ampea 4.5. Pima mara moja, kisha baada ya dakika 15. N100 yenye afya itashuka volti 0.2 au 0.3 na kutulia. Betri iliyochoka inaporomoka chini ya 12.0 huku ukiitazama, na ukizima balbu inaruka tena hadi 12.6 kana kwamba haikufanya kitu. Betri ya namna hiyo sahani zake zimeganda salfa: inajaa haraka, inaisha haraka.

Ukikuta hivyo, simama hapa. Tatizo umeshalipata.

Betri ya kujaza maji ifungue vifuniko. Sahani zikionekana juu ya maji, ongeza maji ya betri mpaka zifunikwe, kisha ichajiwe, ndipo ujaze hadi alama. Usiongeze asidi. Kinachopungua ndani ni maji. Asidi inabaki, na ukiizidisha unaziua sahani.

4. Pima paneli ikiwa peke yake. Toa waya zake kwenye kontrola, multimita DC 200. Paneli ya seli 36, ambayo ndiyo ya mfumo wa volti 12, imeandikwa nyuma Voc (volti zake ikiwa haijaunganishwa na kitu) ya 21 au 22. Mchana wa joto kusoma 19 au 20 ni kawaida, kwa sababu joto hupunguza volti. Ukisoma sifuri, waya umekatika au kiungio kimeachia. Panda upime kwenye boksi la nyuma ya paneli.

Usiishie kwenye volti. Paneli iliyofunikwa na vumbi bado inaweza kusoma volti 20. Kinachopungua ni ampea. Kwa paneli moja isiyozidi wati 150, ifunike kwa blanketi, hamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la ampea 10, unganisha multimita na waya mbili za paneli, kisha funua. Paneli ya wati 100 yenye Isc (ampea zake chanya na hasi zikiunganishwa, nazo zimeandikwa nyuma) ya 6 itakupa 4.5 hadi 6 jua likiwa kali. Ikitoa 1 au 2, ifute kwa maji, tafuta kivuli. Kivuli cha nguzo ya antena au jani la mpapai kinachogusa seli chache kinaweza kuangusha nusu ya paneli nzima. Funika tena kabla ya kuchomoa.

Onyo: ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukiusahau kwenye ampea na ukagusa betri kupima volti, umeifanya multimita kuwa spana.

5. Rudisha kwa mpangilio. Betri kwanza, paneli pili, mzigo (taa na vyote vinavyokula umeme) mwisho. Kutoa ni kinyume chake: mzigo, paneli, betri. Kontrola nyingi huamua kama mfumo ni wa volti 12 au 24 pale zinapoguswa na umeme wa kwanza. Ukitanguliza paneli, inaona volti 20, inadhani ni mfumo wa 24, na betri yako ya 12 inapigwa volti zisizo zake. Kuna kontrola hufa hapohapo, na mwenyewe anasema ilikuja mbovu kutoka dukani.

6. Pima sehemu tatu ikiwa inachaji. Mchana, betri ikiwa haijajaa, taa zimezimwa. Soma volti kwenye tundu za paneli za kontrola, kisha kwenye tundu za betri za kontrola, kisha kwenye vichwa vya betri. Andika namba tatu. Sasa linganisha.

Kwa PWM, namba ya paneli ikiwa juu kidogo tu ya ile ya betri, mfano 13.6 na 13.1, kontrola imefungua njia na inachaji. Ni nzima.

Paneli ikisoma 19 au 20 huku betri ikiwa 12.5 na haisogei, kontrola haipokei. Hapa ndipo shaka inaiangukia yenyewe kwa mara ya kwanza, lakini pita hatua ya 7 kabla ya kuihukumu.

Tundu za betri za kontrola zikisoma 14.4 na vichwa vya betri 13.7, kosa ni la waya kati yao. Hesabu yake ni nyepesi: shaba ya milimita za mraba 1.5, mita 3 kwenda na 3 kurudi, ikibeba ampea 10, inakula volti 0.7 njiani. Kontrola inadhani betri imeshafika 14.4, inapunguza chaji, na betri inabaki na njaa kila siku hadi inakufa. Weka waya wa milimita 6 na uufanye mfupi, mita moja au mbili. Kutoka juu ya bati pia, waya wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 12 unakula kama volti 1.7 kwa ampea hizohizo.

Tundu za betri za kontrola zikiruka ovyo, mara 16 mara 11, huku vichwa vya betri vimetulia, fyuzi imekatika au waya haugusi.

7. Kagua mipangilio. Aina ya betri iwe sahihi. Kontrola nyingi za PWM zina alama za b1, b2, b3 kwa betri isiyofunguliwa, ya jeli na ya kujaza maji, ila matoleo mapya yenye lithiamu hupanga tofauti, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nayo. Volti ya kujaza iwe karibu 14.4 kwa betri ya asidi, na 14.1 au 14.2 kwa ya jeli. Kisha tazama volti ya kukata mzigo. Nyingi hutoka kiwandani na 10.7, nami naona hiyo ni kuua betri kwa makusudi, maana kwa mzigo wa taa chache ikifika hapo haina kitu tena. Ipandishe hadi 11.5 kama kontrola inakubali.

8. Sasa mhukumu mshtakiwa. Betri ni nzima, paneli inatoa ampea, nyaya ni safi, mipangilio ni sawa, na bado paneli inasoma 20 huku betri haipandi: transista za kontrola, yaani swichi zake za ndani, zimekatika. Upande mwingine, ukikuta vichwa vya betri vimepita volti 15 mchana na betri inachemka, zimeungana na hazikati tena. Funika paneli, itoe mara moja. Hali zote mbili, sasa nunua.

Makosa yanayozaa maswali mengi

Inveta kuunganishwa kwenye tundu za mzigo za kontrola. Tundu hizo ni za ampea 10 au 20; inveta ya wati 1000 inaweza kuvuta zaidi ya 80. Inveta hukaa kwenye betri moja kwa moja, kwa fyuzi yake na waya mnene. Lakini jua kwamba hapo kontrola haiwezi kuikata, na inveta nyingi hujikata zenyewe betri ikiwa imeshafika 10.5 au chini. Isitoshe, ikiachwa imewashwa bila kazi inaendelea kula: nusu ampea tu kwa saa 24 ni ampea-saa 12 zimekwenda bure.

Kuchanganya hasi. Kontrola nyingi za PWM zina chanya zilizounganishwa ndani, na ukataji hufanyika upande wa hasi. Ukitaka kujua yako, toa nyaya zote na upime kwa mlio kati ya tundu tatu za chanya. Zikilia, ndizo hizo. Kwenye kontrola ya aina hiyo, fundi akiunganisha taa mpya chanya kwenye kontrola na hasi kwenye betri, taa hiyo haitakatwa kamwe. Akiunganisha hasi ya paneli na hasi ya betri kupitia nguzo ya chuma au bodi ya gari, paneli imeiruka kontrola na inachaji bila breki. Ukikutana na kontrola "mbovu isiyokata", tafuta hili kabla ya kuitupa.

Paneli kubwa kwenye PWM. Paneli ya seli 60, wati 250, ina volti 30 za kufanyia kazi. Kwenye PWM na betri ya 12 inashushwa hadi 13 au 14, na ampea zake zinabaki 8 zilezile, kwa hiyo unapata wati 110 hivi. Paneli si feki. Umeifunga mahali pasipo pake.

Betri mpya kuunganishwa na ya zamani. Ya zamani inaishusha mpya kila usiku.

Dalili, na pa kuanzia

*Skrini imezima kabisa.* Kontrola nyingi huamshwa na betri, si paneli. Angalia fyuzi, kisha chanya na hasi kama hazikugeuzwa. Betri iliyoshuka chini ya volti 8 au 9 inaweza isiiamshe. Ichaji kwanza kwa chaja ya gereji.

*Betri inaonyesha imejaa saa tatu asubuhi, jioni inaisha mapema.* Hatua ya 3. Karibu kila mara ni betri.

*Taa zilikatika usiku, asubuhi jua lipo lakini haziwaki.* Huenda hakuna ubovu. Kontrola zikishakata kwenye 10.7, nyingi husubiri betri ifike 12.6 ndipo zirudishe mzigo. Siku za mawingu, kama Julai Nairobi, huko ni kusubiri mpaka alasiri.

*Taa haziwaki mchana, jioni zinawaka zenyewe.* Tazama mpangilio wa saa za mzigo. Kwenye kontrola nyingi 24H ni kuwaka muda wote, 0H ni kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza.

*Kontrola ina joto.* Mgongo wa vuguvugu mchana ni sawa. Skrubu moja inayochoma kidole kuliko nyingine imelegea, au waya wake umeoza.

*Kila kitu kimepimwa ni kizima, bado giza.* Piga hesabu. Paneli ya wati 100 kwenye PWM, nchi zetu hizi, tarajia wati-saa 300 hadi 400 siku ya jua. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano ni 250 tayari. Ongeza king'amuzi, taa na simu za majirani, hesabu imepita.

Ukilazimika kununua

Jumlisha Isc za paneli zinazokwenda sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), zidisha kwa 1.25, panda saizi inayofuata. Paneli mbili zenye 8.5 kila moja ni 17, mara 1.25 ni 21, chukua ya 30. Volti ya juu inayoruhusiwa kwenye paneli izidi Voc yako. Paneli mbili za seli 60 zikifungwa mfuatano (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine) hufika volti 75, na hiyo inaiua kontrola ya volti 55 siku ya kwanza.

Ukiuziwa MPPT kwa bei ya PWM, ishike mkononi. Ya ampea 30 iliyo nyepesi kama rimoti haina koili ndani. Ithibitishe siku hiyohiyo: betri ikiwa nusu, jua kali, paneli ya seli 60. MPPT ya kweli huiacha paneli kwenye volti 28 au 30 huku betri ikipokea ampea nyingi kuliko zinazotoka kwenye paneli. Ikiishusha paneli hadi 13 au 14, ni PWM iliyobandikwa karatasi nyingine. Irudishe dukani na risiti, na picha ya multimita ikionyesha volti hizo.